Mtoto wa Bsharri Ugenini: Maisha ya Kahlil Gibran

Wengi wanaomfahamu Kahlil Gibran wanamfahamu kwa kitabu kimoja tu. Ni Nabii, kilichotoka New York mwaka 1923 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Sehemu zake juu ya ndoa na watoto husomwa arusini na hata mazishini katika nchi nyingi, mara nyingine na watu wasiojua aliyeziandika alikuwa nani. Alikuwa Mkatoliki wa Kanisa la Mashariki, mjukuu wa padre, mtoto aliyevuka bahari na mama yake akiwa na miaka 12. Alipokuwa mtu mzima alishuhudia kutoka mbali watu wa nchi yake wakifa kwa njaa ya vita, naye akiwa salama katika mji wenye chakula.

Katika makala hii hatukusudii kuchambua falsafa yake. Tunataka kumtazama kama mtoto mhamiaji: aliionaje familia yake, aliionaje nchi aliyoiacha, na alifanya nini vita ilipoifikia nchi hiyo naye hayupo. Tunaamini habari zake zinawahusu wanaojiandaa kuwa wachungaji, kwa sababu watoto wa namna yake wamo katika parokia zetu.

Bonde takatifu

Mji wa Bsharri uko juu milimani, kaskazini mwa Lebanon, kwenye ukingo wa Bonde la Qadisha. Kwa Kisiria neno hilo lina maana ya takatifu, na bonde halikupewa jina hilo bure. Kwa karne nyingi wamonaki na wakaapweke waliishi humo, katika mapango na katika monasteri zilizochongwa kwenye miamba. Juu ya mji limesalia pori dogo la mierezi, ule mti ambao Maandiko Matakatifu yanasema Mfalme Solomoni aliutumia kujengea Hekalu.

Wenyeji wa huko ni Wamaroniti. Hao ni Wakatoliki wenye umoja kamili na Baba Mtakatifu wa Roma, lakini wana Patriarki wao, sheria zao na liturujia yao ya Kisiria na Kiarabu. Kwa desturi yao ya kale, mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa daraja ya upadre. Ndiyo maana Kamila Rahme, mama yake Gibran, alikuwa binti halali wa padre, na hakuna aliyeshangaa.

Kamila alikwisha kuonja uchungu wa uhamiaji kabla Gibran hajazaliwa. Mume wake wa kwanza alikwenda Brazil kutafuta maisha akafia huko, akamwachia mtoto wa kiume, Butros. Baadaye Kamila aliolewa na Khalil Gibran, na tarehe 6 Januari 1883, Sherehe ya Tokeo la Bwana, wakapata mtoto aliyeitwa Gibran Khalil Gibran. Walifuata mabinti wawili, Mariana na Sultana.

Baba hakuwa nguzo ya nyumba. Alipenda kamari na pombe. Alifanya kazi ya kukusanya kodi, na mwaka 1891 alikamatwa akishitakiwa kwa ubadhirifu. Mali ya familia ilitaifishwa pamoja na nyumba, na Kamila akalazimika kujihifadhi na watoto wake kwa ndugu. Khalil aliachiwa mwaka 1894, lakini hapakuwa na kitu cha kuanzia maisha upya. Mwaka uliofuata Kamila akakata shauri. Aliwachukua watoto wote wanne, akapanda meli kwenda Marekani. Mume wake akabaki Lebanon.

Tukumbuke jambo hili, kwa maana Gibran mwenyewe baadaye alilifunika. Nyumbani alikotoka hapakuwa paradiso. Palikuwa na mierezi, maporomoko ya maji na kengele za monasteri. Palikuwa pia na gereza, madeni na ulevi.

Mama mmachinga

Familia ilifikia Boston, katika mtaa wa South End, walikokuwa wakiishi wahamiaji maskini kutoka mataifa mengi. Wakati ule Lebanon ilikuwa chini ya Dola ya Ottoman, na wote waliotoka pande hizo waliitwa Wasiria. Kamila alifanya kazi waliyoifanya wengi wao, yaani umachinga. Alibeba mzigo wa vitambaa na lasi, akapita mlango kwa mlango katika mitaa ya wenye fedha, bila kujua lugha yao vizuri. Kwa akiba hiyo Butros akafungua duka dogo la bidhaa, na wale mabinti wakasaidia kazi.

Mtoto mmoja tu ndiye aliyepelekwa shule, naye ni Gibran. Mariana na Sultana hawakupelekwa. Mapato yalikuwa madogo, na desturi ya nyumbani haikuona ulazima wa kuwasomesha wasichana. Mtu anaposifu kalamu ya Gibran, afahamu kwamba iligharimiwa na mgongo wa mama, duka la kaka na sindano ya dada asiyejua kusoma.

Shuleni aliwekwa katika darasa la watoto wahamiaji ili ajifunze Kiingereza. Hapo jina lake lilifupishwa na tahajia ikabadilishwa, akawa Kahlil Gibran. Ni badiliko dogo machoni pa mwalimu mwenye watoto wengi. Lakini kwa desturi ya Waarabu jina la mtoto hubeba jina la baba na la ukoo, na hilo la shuleni ndilo ambalo dunia ilimjua nalo hadi kifo.

Kipaji chake cha kuchora kiligunduliwa mapema. Walimu walimpeleka kwa watu wenye uwezo wa kumsaidia, na mwaka 1896 alikutanishwa na Fred Holland Day, mpiga picha na mchapishaji wa vitabu. Day alimfungulia mlango wa vitabu na sanaa. Pia alimpiga picha akiwa amevikwa mavazi ya Mashariki, kwa kuwa Wamarekani wa tabaka lake walipenda kuiona Mashariki kama nchi ya ndoto. Kijana wa South End akatambua kwamba umaskini wake haukumvutia mtu yeyote, bali yale majoho yaliwavutia. Baada ya muda alianza kuwasimulia marafiki zake Wamarekani kwamba ametoka katika ukoo wa kitajiri na wenye heshima kubwa. Lile gereza la baba halikutajwa.

Hatumsimangi kwa hilo. Mtoto aliyehamishwa hulazimika kujibu kila siku swali la kwao ni wapi, na wanaouliza mara nyingi wamekwisha kuchagua jibu wanalolitaka. Basi nchi ya nyumbani huanza kupambwa. Mabaya husahauliwa, mazuri huongezwa, mwisho mtoto hubaki na picha ukutani badala ya watu.

Kurudi, na misiba mitatu

Mwaka 1898, akiwa na miaka 15, Gibran alirudishwa Lebanon. Familia ilitaka ajifunze vizuri lugha yake, na haikupendezwa na baadhi ya watu aliokuwa akizoeana nao Boston. Alisoma Beirut katika Al-Hikma, shule iliyoanzishwa na Askofu Mkuu Mmaroniti Yusuf Debs. Hapo alikikamata Kiarabu, akaisoma sana Biblia katika lugha hiyo, na pamoja na mwenzake akaanzisha gazeti la wanafunzi. Wakati wa likizo alipanda Bsharri kwa baba yake, lakini hawakupatana. Yule baba aliyepambwa katika masimulizi ya Boston hakufanana na mzee aliyemkuta.

Mwaka 1902 alirudi Marekani akakuta nyumba ina msiba. Sultana alikuwa amefariki tarehe 4 Aprili kwa kifua kikuu, kabla kaka yake hajafika. Mwezi Machi 1903 Butros naye alikufa kwa ugonjwa huohuo. Tarehe 28 Juni mwaka huo Kamila akafuata, kwa saratani. Katika miezi isiyotimia 15 waliokuwa watano wakabaki wawili.

Mariana, wakati huo msichana wa miaka 18 hivi, alishika sindano. Alifanya kazi katika duka la kushona nguo za wanawake, akamlisha kaka yake ili aendelee kuchora na kuandika. Mwaka 1904 Gibran alifahamiana na Mary Haskell, mkuu wa shule ya wasichana mjini Boston. Mama huyu alimgharimia masomo ya sanaa Paris kuanzia mwaka 1908 hadi 1910, na kwa miaka mingi alimsahihishia maandishi yake ya Kiingereza. Alipokuwa Paris, mwaka 1909, Gibran alipata habari kwamba baba yake amefariki. Hawakuonana tena tangu alipoondoka. Mwaka 1911 alihamia New York, na huko ndiko alikofanya kazi hadi mwisho.

Maandishi yake ya kwanza yalikuwa ya Kiarabu, na katika hayo aliwashutumu vikali makasisi na mabwana wa ardhi walioshirikiana kuwakandamiza wakulima. Sisi tunaosoma seminarini hatuna haja ya kukwepa jambo hilo. Lawama nyingine zilipita kiasi. Hata hivyo zilitoka kwa mtu aliyekulia mlangoni pa Kanisa, na padre anayezisikia leo anafaidika zaidi akijichunguza kuliko akikasirika.

Njaa ya Mlima Lebanon

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na Dola ya Ottoman ikaingia upande wa Ujerumani. Mlima Lebanon, uliokuwa na utawala wake wa ndani tangu mwaka 1861, ukapoteza haki hiyo na kuwekwa chini ya mkono mgumu wa Jamal Pasha.

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa tujue watu wa mlimani waliishi kwa nini. Sehemu kubwa ya mashamba yao ilikuwa ya miforsadi, ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri. Hariri iliuzwa Ufaransa, na kwa fedha hiyo walinunua ngano kutoka nje ya milima yao. Nguzo yao ya pili ilikuwa fedha zilizotumwa na ndugu walioko Amerika. Vita ilizikata nguzo zote mbili. Manowari za Uingereza na Ufaransa zilifunga pwani, hivyo hariri haikutoka, na chakula na fedha havikuingia. Jeshi la Ottoman lilichukua nafaka, wanyama na mbao kwa mahitaji yake. Wafanyabiashara walanguzi wakaficha ngano wakingoja bei ipande. Na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1915 nzige walishuka wakala kilichokuwa kimesalia. Baada ya njaa ikaja homa ya matumbo na ile ya chawa. Makadirio yanafika watu 200,000 waliokufa hadi vita ilipokwisha mwaka 1918, yaani walau mtu mmoja katika kila watatu wa mlima ule.

Gibran alizipata habari hizo New York, zikiwa zimechelewa na kukatwakatwa. Hapo ndipo picha ya ukutani ilipompasukia. Waliokuwa wakifa hawakuwa wahusika wa hadithi; walikuwa majirani wa mama yake, watoto wa wale aliocheza nao kando ya bonde. Mwaka 1916 aliandika kwa Kiarabu maombolezo juu ya kufa kwa watu wake. Ndani yake hakuwalilia wao tu. Alilia pia kwa sababu yeye hakuwa pamoja nao, na kwa sababu huzuni ya mtu aliyeshiba haimpunguzii mwenye njaa hata punje moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo alipokuwa mkweli kuliko mahali pengine pote. Yule kijana wa majoho hakujipamba tena.

Lakini hakuishia kulia. Mwaka huohuo wahamiaji wa kwao waliunda kamati ya msaada kwa ajili ya Siria na Mlima Lebanon, naye akawa katibu wake. Kazi ya katibu haina utukufu wa ushairi. Ni kuandika barua, kuorodhesha michango, kuwakumbusha waliosahau, na kuwapatanisha Wamaroniti, Waorthodoksi, Waislamu na Wadruzi, ambao hata ugenini walitazamana kwa mashaka. Mwezi Desemba 1916 meli iitwayo Caesar iliondoka Marekani ikiwa na shehena ya chakula na nguo. Haikuruhusiwa kushusha shehena hiyo Beirut. Fikiria kidogo hali ya watu waliochanga senti zao za umachinga na za cherehani, kisha wakasikia kwamba meli imezuiwa na ndugu zao wanaendelea kufa.

Wakati huohuo, nyumbani, Patriarki wa Wamaroniti Elias Hoayek alifungua nyumba za watawa kwa wenye njaa, akaweka rehani mali ya Kanisa ili apate fedha za kuwalisha. Huyo ametangazwa na Kanisa kuwa Mheshimiwa mwaka 2019. Alifariki Desemba 1931, miezi michache baada ya Gibran. Tunawataja pamoja kwa makusudi. Mmoja alikuwa mchungaji aliyebaki na kundi lake. Mwingine alikuwa mshairi wa mbali, mkosoaji wa makasisi. Njaa iliwadai kitu kimoja wote wawili, yaani kutoa walichokuwa nacho.

Urithi aliouacha

Baada ya vita Gibran aliendelea kuandika, sasa zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 1920 alikuwa rais wa chama cha waandishi Waarabu mjini New York, ambacho kilileta uhai mpya katika ushairi wa Kiarabu. Kikafuata Nabii mwaka 1923, na mwaka 1928 kitabu juu ya Yesu Mwana wa Mtu. Ni lazima tuseme wazi kwamba Yesu wa kitabu hicho si yule tunayemkiri katika Kanuni ya Imani. Ni Yesu wa mshairi, mwenye nguvu na uzuri, lakini fumbo la Mungu kufanyika mtu halionekani humo ipasavyo. Msomaji Mkatoliki anaweza kuguswa nacho bila kukifanya katekisimu.

Wala maisha yake hayakuwa ya mtakatifu. Alikunywa pombe kupita kiasi, kama baba yake, na ini likaharibika. Alifariki tarehe 10 Aprili 1931 katika Hospitali ya Mtakatifu Vincent, New York, akiwa na miaka 48. Aliombewa katika kanisa la Wamaroniti la Bikira Maria wa Mierezi mjini Boston, kisha mwili wake ukasafirishwa. Tarehe 21 Agosti ulifika Beirut, na kutoka hapo ukapandishwa Bsharri, ambako amelala katika monasteri ya kale ya Mar Sarkis. Aliyeinunua monasteri hiyo kwa ajili yake ni Mariana, yule dada wa sindano.

Katika wosia wake Gibran aliagiza mapato ya vitabu vyake yapewe mji wa Bsharri, yawafae watu wake. Fedha zikawa nyingi kuliko alivyowaza, na kwa miaka mingi koo za mji zilizigombania hadi serikali ya Lebanon ikalazimika kuingilia kati. Bsharri ilikuwa bado ni ileile, mji wa watu na si wa malaika. Hata hivyo tunauona wosia huo kuwa hatua ya mwisho ya safari ndefu. Kijana aliyeanza kwa kuipamba nchi yake mbele ya wageni alimaliza kwa kuipa mkate wake.

Sisi tunajifunza nini?

Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya Kanisa zima ilianzishwa mwaka 1914, mwaka uleule vita ilipoanza kuifunga Lebanon. Mwaka 1952 Papa Pius XII, katika hati Exsul Familia, aliionyesha Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo na tegemeo la kila familia ya wahamiaji. Mafundisho hayo tunayasoma darasani. Watoto wanaohusika nayo tunakutana nao katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, katika kwaya, na katika foleni ya kitubio.

Maisha ya Gibran yanatudokezea mambo matatu katika kuwahudumia. Kwanza, tuwaite kwa majina yao, tena kamili. Kujifunza kutamka jina geni ni kazi ndogo, na mtoto huona kwamba hakuacha kila kitu mpakani. Pili, tunapowauliza habari za kwao, tusitake hadithi nzuri tu. Mtoto mwenye baba gerezani au mlevi aone kwamba mbele ya padre hana haja ya kuvaa joho. Tatu, nchi yao ikipatwa na vita, tusiwaambie wamshukuru Mungu kwa kuwa wao wako salama, tukaishia hapo. Usalama huo ndio unaowachoma. Tuwape namna ya kufanya kitu: Misa ya kuwaombea walio kule, mchango ulioandikwa vizuri na kufikishwa, barua, saa ya kuabudu Ekaristi. Inawezekana meli isifike. Kamati ya New York haikuwaokoa waliokufa mlimani, na Gibran alilijua hilo. Lakini aliyefanya kazi ile hakubaki mtazamaji wa msiba wa ndugu zake.

Mariana aliishi miaka mingi baada ya kaka yake. Vitabu vile vilivyosomwa duniani kote hakuweza kuvisoma mwenyewe. Tunapomkumbuka mshairi wa Bsharri, tumwombee na yeye, pamoja na Kamila aliyezunguka Boston na mzigo mabegani, ili wote wapewe makao katika ile nchi ambayo hakuna tena anayehamishwa.